Mnyauko wa Mialoni

Mwezi wa Juni na Julai, katika bonde la juu la Mto Mississippi, msitu huwa umekolea kijani. Theluji imesahaulika, mvua za masika zimenyesha, na mialoni imetandaza kivuli juu ya malisho na nyua za nyumba. Mti unaoanza kukauka wakati huo haujifichi. Majani ya kileleni hubadilika kuanzia kwenye ncha na kingo, yakageuka rangi ya shaba, huku sehemu iliyo karibu na kikonyo ikibaki kijani. Kisha huanguka yakiwa na ubichi nusu. Kabla ya wiki 6 kwisha, mwaloni uliosimama kwa zaidi ya karne moja umebaki matawi matupu. Mwaka unaofuata jirani yake hufuata, halafu jirani wa jirani, mpaka katikati ya msitu panatokea duara la mashina makavu ambalo hupanuka kila kiangazi.

Wakulima wa Wisconsin na Minnesota waliyaona maduara hayo kabla wataalamu hawajaupa ugonjwa jina. Miaka ya 1930 ilikuwa ya ukame mkali katikati ya Marekani, na ilikuwa rahisi kuulaumu ukame. Lakini ukame hauchagui mti mmoja ukaruka wa pili, wala hauendi kwa duara. Mwaka 1944 B. W. Henry wa Chuo Kikuu cha Wisconsin, akifanya kazi pamoja na A. J. Riker na wenzao, alionyesha kwamba chanzo ni kuvu ambayo sayansi ilikuwa haijaiandika. Aliiita Chalara quercina.

Kuvu hii haionekani kwa macho. Haitafuni majani, haiozeshi mizizi, wala haitoi uyoga juu ya shina. Inaishi ndani ya mirija inayopandisha maji, katika pete ya nje kabisa ya mti, ile iliyoota mwaka huohuo. Spora zake hupanda na maji kutoka tawi hadi tawi. Mti nao, ukijaribu kujikinga, huiziba mirija yake wenyewe, na hapo maji hukoma kufika kileleni. Mkulima wa kahawa wa Kagera au Bundibugyo anaujua ugonjwa wa namna hii. Mnyauko wa kahawa, uliothibitishwa Uganda mwaka 1993 na kuingia Tanzania miaka michache baadaye, huletwa na kuvu nyingine kabisa, Fusarium xylarioides, lakini nao huua mbuni kwa kukatiza maji ndani ya shina, na mwenye shamba hugundua wakati tayari amechelewa.

Ili kuelewa hofu iliyofuata tangazo la Henry, inabidi kurudi nyuma miaka 40. Mwaka 1904, katika bustani ya wanyama ya Bronx jijini New York, Hermann Merkel, aliyekuwa msimamizi wa miti ya bustani hiyo, aliona michestinati inakauka. Kuvu iliyotoka Asia ilikuwa imeingia kwenye magome yake. Ndani ya nusu karne mchestinati wa Marekani, mti uliotawala milima ya Appalachia na kulisha watu, nguruwe na dubu kwa kokwa zake, ulikuwa umekwisha kama mti wa msituni. Mabilioni ya miti yalikufa. Pengo hilo kwa sehemu kubwa lilijazwa na mialoni. Sasa, watu waliozika michestinati yao wakiwa vijana walikuwa wanaambiwa uzeeni kwamba mialoni nayo imepata kuvu yake.

Kwa hiyo mwanzoni mwa miaka ya 1950 majimbo yaliingia kazini kwa nguvu. Huko Pennsylvania na West Virginia ndege ndogo ziliruka juu ya vilima wakati wa kiangazi, mtazamaji akitia alama kwenye ramani kila kilele kilichogeuka rangi, na kikosi cha ardhini kikaufuata mti huo kwa miguu na misumeno. Kila mwaka ramani ilipata alama mpya. Lakini msiba mkubwa uliotarajiwa haukufika. Katika milima ya Appalachia ugonjwa uliua mti hapa na mti pale, ukatulia. Huko Wisconsin na Minnesota uliteketeza ekari nzima. Kuvu ilikuwa ileile. Swali likawa ni kwa nini, na jibu lilichukua miongo kadhaa kwa sababu lilidai watu waache kuuzungumzia mwaloni kana kwamba ni mti wa aina moja.

Amerika Kaskazini ina mialoni ya aina nyingi mno. Mexico peke yake ina spishi zipatazo 160. Wataalamu wa misitu huigawa mingi ya mialoni hiyo katika makundi mawili makubwa, mwekundu na mweupe. Hata mtoto anaweza kuyatofautisha kwa jani: la kundi jekundu lina ncha kali zinazoishia kwenye kinywele kimoja, la kundi jeupe lina kingo za mviringo. Tofauti inayoamua uhai, hata hivyo, imo ndani ya mti. Chukua kijiti kilichochongwa kutoka kiini cha mwaloni mwekundu, urefu wa kidole, kikifuata nyuzi za mti. Tumbukiza ncha moja katika kikombe cha maji, weka nyingine mdomoni, upulize. Mapovu yatatoka, kwa maana mirija iko wazi mwanzo hadi mwisho. Fanya hivyohivyo kwa kijiti cha mwaloni mweupe: hewa haipiti. Ukikikata kwa wembe na kukitazama kwa kioo cha kukuzia, utaona kila tundu limejaa utando unaometameta, vifuko vidogo vilivyovimba kutoka kuta za mrija na kuuziba. Ndiyo sababu mapipa ya wiski ya Marekani hutengenezwa kwa mwaloni mweupe, Quercus alba. Pipa la mwaloni mwekundu lingevuja.

Mwaloni mweupe ukiingiwa na kuvu huziba mirija mapema, pale penye maambukizi. Tawi moja hunyauka, pengine mawili. Mwaka unaofuata mti huota pete mpya ya mirija juu ya ile iliyoathirika, na kuvu hubaki imezikwa ndani ya mbao. Mwaloni wa namna hiyo unaweza kuishi miaka mingi ukiwa mgonjwa, na mara nyingine hupona kabisa. Mwekundu nao hujaribu kuziba, lakini huchelewa. Kuvu huwa imeshatangulia kila mahali, na mti unaishia kujinyima maji mwili mzima. Quercus rubra, Quercus velutina, Quercus coccinea, na hasa Quercus ellipsoidalis wa nchi za kaskazini zenye mchanga, yote hufa kiangazi kilekile kilichoonyesha dalili. Katikati ya pande hizo mbili wapo wengine. Quercus macrocarpa, mwenye gome nene la kuhimili moto wa nyika, ni wa kundi jeupe lakini baadhi yake hufa baada ya miaka kadhaa ya kudhoofika. Hata mchestinati wa Kichina, ulioletwa Marekani kwa sababu unastahimili ule ugonjwa wa 1904, umekutwa ukifa kwa mnyauko wa mialoni. Hilo linaniuma kidogo, maana ulipandwa kwa matumaini makubwa.

Hayo yalieleza nani anakufa. Hayakueleza duara.

J. E. Kuntz, akiwa Wisconsin pamoja na Riker, alianza kushuku ardhi. Waliingiza rangi na sumu katika shina la mwaloni mmoja, kisha wakangoja kuona vinajitokeza wapi. Miti ya jirani, ambayo hakuna aliyeigusa, iliathirika. Wakarudia kwa dutu zenye mionzi, ambazo wakati huo zilikuwa zana mpya kabisa mikononi mwa wanabiolojia, na mionzi ikapimwa katika majani ya mialoni iliyosimama kando. Mwaka 1955, Umoja wa Mataifa ulipoitisha mkutano Geneva kuhusu matumizi ya amani ya nguvu za atomu, kazi ya Kuntz na Riker kuhusu mizizi ya mialoni ilikuwa miongoni mwa zilizowasilishwa. Walionyesha kwamba mialoni ya spishi moja iliyo karibu huunganisha mizizi. Mizizi miwili inapobanana udongoni kwa miaka, magome husagika, mbao hukutana, na mirija ya huyu huingiana na ya yule. Katika mchanga wa Minnesota na Wisconsin msitu mzima unaweza kuwa unakunywa kwa pamoja. Mti mmoja ukiugua, maji yenye spora huvuka kwenda wa pili bila kuhitaji upepo, mvua wala mdudu. Kwenye milima ya Appalachia, ambako spishi zimechanganyika na udongo una mawe, miungano hiyo ni michache, na mwaloni mwekundu ulio peke yake kati ya miti mingine hufa peke yake.

Lakini duara lazima lianzie mahali, na mwanzo wake hutoka juu. Miezi michache baada ya mwaloni mwekundu kufa, ufa mwembamba hutokea kwenye gome. Ukilibandua kwa shoka unakuta zulia la kijivu lenye umbo la yai, na katikati yake vinundu viwili vigumu vinavyotazamana, kimoja upande wa gome na kingine upande wa mbao. Vinavimba vikisukumana mpaka gome linapasuka na kuachia hewa iingie. Harufu yake ni ya tunda lililochacha. Mbawakawa wadogo wa jamii ya Nitidulidae, ambao riziki yao ni utomvu unaochacha, huifuata harufu hiyo kutoka mbali, huingia kwenye ufa, hula, na hutoka wakiwa wamebeba spora miguuni na mgongoni. Kisha hutafuta mlo mwingine. Kama siku hiyo tawi la mwaloni mzima limekatwa na kidonda kinatoa utomvu, hutua hapo.

Mtaalamu wa serikali T. W. Bretz alieleza mwaka 1951 na 1952 jinsi kuvu inavyozaana kijinsia kwenye mazulia hayo. Ipo ya aina mbili, na zulia la aina moja haliwezi kujirutubisha. Ni lazima mbawakawa alete spora za aina ya pili kutoka mti mwingine. Mdudu huyu, basi, ni mchukuzi na mshenga kwa wakati mmoja. Jambo la maana zaidi kwa mwenye shamba ni hili: mazulia huota kwenye mialoni myekundu. Kwenye myeupe ni nadra sana. Gogo la mwaloni mwekundu uliokufa mwaka huu, likipakiwa kwenye gari kama kuni na kupelekwa kilomita 200, linaweza kupasuka gome mbele ya kibanda cha mtu na kuanzisha duara jipya.

Hapa ndipo mkono wa binadamu unapoonekana, na sidhani kama historia ya ugonjwa huu inaweza kuelezwa bila kuutaja. Mbawakawa hana uwezo wa kutoboa gome zima mpaka mirijani. Anahitaji kidonda kibichi, na vidonda vibichi vya majira ya kuchipua mara nyingi ni kazi ya watu. Kabla ya walowezi, Wadakota na Waho-Chunk walichoma nyika mara kwa mara, na mialoni ilisimama mmojammoja kwenye majani, ile yenye gome nene ikitangulia. Moto ulipozuiwa, machipukizi yaliyokuwa yakiungua kila mwaka yalipata nafasi ya kurefuka, yakawa misitu iliyosongamana ya mialoni myekundu ya umri mmoja na mizizi iliyofungamana. Halafu miji ikaifuata. Katika Kaunti ya Anoka, kaskazini mwa Minneapolis, watu walipenda kujenga chini ya kivuli cha Quercus ellipsoidalis. Matrekta yaliyokwangua mashina mwezi Mei na mafundi waliopunguza matawi ili kupitisha nyaya waliuandalia ugonjwa mlango.

Huko Texas mambo yalikwenda kwa namna nyingine, na kwa uchungu zaidi. Katika vilima vya chokaa kati ya Austin na Fredericksburg, mji uliojengwa na wahamiaji wa Kijerumani mwaka 1846, mti mwenye heshima ni mwaloni usiopukutisha majani wakati wa baridi, Quercus fusiformis. Unatanda kwa upana kuliko urefu, na wafugaji hupanga nyumba, zizi na makaburi ya familia kuuzunguka. Ripoti za mialoni hiyo kufa karibu na Austin zilikuwepo tangu miaka ya 1930, lakini sababu zilizotajwa zilikuwa nyingine. Mnyauko ulithibitishwa Texas mara ya kwanza mwaka 1961, Dallas, na bado wengi waliamini kuvu isiyopenda joto haitaweza kustawi katika jua la kule. Mwishoni mwa miaka ya 1970 haikuwezekana tena kukana. David Appel wa Chuo Kikuu cha Texas A&M na wenzake walikuta vilima vizima vimeingiliwa.

Mwaloni huu hauko upande wa wekundu wala wa weupe. Hufa polepole, kwa miezi mitatu hadi sita au zaidi, na baadhi huokoka wakiwa na kilele kilichochakaa. Dalili yake iko kwenye jani: mishipa hugeuka njano kisha kahawia, wakati nyama ya jani kati ya mishipa ingali kijani, kiasi kwamba jani moja lililookotwa chini linatosha kumwambia mtaalamu kilichotokea. Hauoti mazulia. Balaa lake liko chini. Quercus fusiformis huzaliana kwa kuchipua kutoka mizizini, kwa hiyo kichaka cha miti 50 kinaweza kuwa mti mmoja wenye mashina 50. Ugonjwa ukiingia ndani ya kichaka husonga kwa wastani wa mita 23 kwa mwaka, na mara nyingine hufikia mita 45. Anayeanzisha kwa kawaida ni Quercus buckleyi, mwaloni mwekundu wa vilima hivyohivyo, unaokufa upesi na kuota mazulia, kisha mbawakawa humalizia.

Mwaka 1988 idara ya misitu ya Texas ilianzisha mradi maalumu wa kuudhibiti ugonjwa. Dawa kuu haikuwa dawa bali mtaro. Mashine yenye mnyororo wa meno hukata ardhi, mara nyingi mwamba mtupu wa chokaa, kina cha mita 1.2 au zaidi, mita 30 mbele ya mti wa mwisho wenye dalili, ili mizizi itengane. Minnesota hutumia bapa refu linalotetemeka na kupasua mchanga kwa mita 1.5. Miti iliyobaki upande wa ndani wa mtaro huhesabiwa imekwenda, hata kama leo inaonekana mizima. Kwa mwenye shamba hilo ndilo gumu kuliko yote. Kumwambia mtu aikate miti yenye majani ya kijani aliyorithi kwa babu yake, kwa ajili ya miti ya jirani aliye ng'ambo ya mtaro, kunahitaji maneno mengi na uaminifu wa muda mrefu. Kwa mti wa thamani ya pekee upo uwezekano wa kuchimba vitundu kuzunguka tako la shina, pale mizizi inapoanza kupanuka, na kuingiza propikonazoli kwa pampu. Huulinda mti huo mmoja kwa mwaka mmoja au miwili, kisha ni lazima irudiwe. Pamoja na hayo zipo kanuni ambazo kila fundi wa miti wa huko anazijua kwa moyo: usikate tawi la mwaloni kuanzia Februari hadi Juni ukiwa Texas, au Aprili hadi Julai ukiwa Minnesota, na ukilazimika, paka rangi kidonda papo hapo, ingawa kwa miti mingine kupaka rangi kumeachwa zamani.

Waliopoteza zaidi kuliko wafugaji huenda ni ndege. Kuna ndege mdogo mwenye mashavu ya dhahabu ambaye hutaga katikati ya Texas tu, pasipo pengine duniani. Hujenga kiota kwa vipande vya gome la mireteni mizee na hulisha makinda kwa wadudu anaowatoa kwenye mialoni. Mwaka 1990 aliorodheshwa kuwa hatarini kutoweka, na kila duara la mnyauko linalopanuka ndani ya vilima hivyo humpunguzia malisho.

Ulaya iliutazama ugonjwa huu kwa wasiwasi tangu mapema, kwa kuwa hununua magogo ya mialoni ya Marekani kwa samani na mbao za nakshi. Kwa miaka mingi magogo yenye gome yalitakiwa kufukizwa kwa methili bromaidi kabla ya kusafirishwa. Wapo waliodhani tahadhari hiyo imezidi, wakisema mialoni ya asili ya Ulaya ni ya kundi jeupe na ingejikinga. Watafiti wa Marekani na Ufaransa walilijaribu jambo hilo kwenye ardhi ya Marekani, ambako ugonjwa umeshakuwepo, kwa kuiambukiza Quercus robur, Quercus petraea na Quercus pubescens. Matokeo yalichapishwa mwaka 2001. Mialoni hiyo ya Ulaya ilinyauka na kufa kama myekundu. Kuwa wa kundi jeupe hakukuisaidia, na tangu hapo hoja ya kulegeza masharti ya bandarini imekuwa ngumu kuitetea.

Jina la kuvu limebadilika njiani. Baada ya Bretz kugundua sura yake ya pili, ilihamishwa, na kuanzia mwaka 1956 vitabu viliiita Ceratocystis fagacearum. Mwaka 2017 timu iliyoongozwa na Wilhelm de Beer wa Chuo Kikuu cha Pretoria, Afrika Kusini, ilisoma vinasaba vyake na kukuta haifanani vya kutosha na jamaa zake. Wakaipa jenasi ya peke yake, Bretziella, kwa heshima ya Bretz.

Vinasaba hivyo vimesema jambo jingine pia. Kuvu zilizokusanywa kutoka Texas, Minnesota na Appalachia zinafanana mno, dalili ya ukoo uliotokana na wageni wachache walioingia si zamani sana. Kuvu ya asili ingekuwa na tofauti nyingi zaidi, na mialoni iliyoishi nayo kwa maelfu ya miaka isingekufa kwa wepisi huu. Jennifer Juzwik wa Idara ya Misitu ya Marekani na wenzake walipopima ushahidi huo mwaka 2008, walielekeza macho kusini, Mexico na Amerika ya Kati au hata Kusini, ambako huenda mialoni inaibeba bila kuugua. Huko kusini haijapatikana. Kaskazini, wakati huohuo, imesonga mbele. Baada ya kuenea katika majimbo zaidi ya 20 ya Marekani na kukaa miaka mingi kwenye kingo za Maziwa Makuu upande wa Michigan, mwaka 2023 ilithibitishwa kwa mara ya kwanza nchini Kanada, Ontario, katika mialoni ya Niagara Falls na baadaye Springwater.